Kwa nini mtoto atolewe kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa) wakati sampuli ya sindano ilishachukuliwa?

Pole sana mkuu kwa huyo mpwa wako. Umesema ana miaka 6, shavu limevimba, majibu ya sindano yameandikwa "seli ndogo za duara", sasa daktari anataka kinyama na wazee wanadai kisu kitasambaza ugonjwa. Niko maabara ya patholojia, sampuli za namna hii napokea. Nakuomba mkubali.

Sindano nyembamba inafyonza seli chache tu. Kwenye hadubini, seli za limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za mwili, na za rabdomiosakoma, ile saratani ya misuli ambayo kwa watoto hupenda sana kichwa na shingo, zote ni ndogo za duara na zinafanana mno. Huku kwetu taya la mtoto likivimba kila mtu anawaza Burkitt, na si ajabu, maana Denis Burkitt aliueleza ugonjwa huo mwaka 1958 akiwa Uganda. Lakini Burkitt tiba yake kubwa ni dawa za dripu. Rabdomiosakoma dawa zake ni nyingine, na juu yake huhitaji mionzi, upasuaji, au vyote viwili.

Kinyama ndicho kinachotupa nyama ya kutosha kupima kwa rangi maalumu. Rangi hizo zinasaka protini za seli. Ile ya CD20, protini ya chembe za kinga, ikishika, tunaelekea limfoma. Ya desmini ikishika, na ya miojenini ikageuza viini vya seli kuwa kahawia, zote mbili zikiwa protini za misuli, hiyo ni rabdomiosakoma.

Mara nyingi ndugu ndio wanaobebeshwa chupa kuileta maabara. Ulizeni ndani kuna nini. Inatakiwa fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande, na jina liandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko. Tumewahi kuletewa kipande kama punje ya hindi kikielea kwenye maji ya dripu. Kilikuwa kimeshaharibika, rangi hazikushika, mtoto akarudishwa tena chumba cha upasuaji. Inauma sana.

Kuhusu kisu, wazee waelezwe kwamba uvimbe ukiachwa ndio unapata nafasi ya kufika kwenye mapafu. Nyie ulizeni kama CT scan imefanyika kwanza, na kama daktari atakayekata ameshapanga na watu wa saratani apite wapi. Jicho likianza kutokeza au uso kupinda upande mmoja, msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.