Barua kwa mwanangu: Sikio hutangulia ulimi

Mwanangu Akinyi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama Dholuo, lugha yetu Wajaluo, niliyomwongelesha mjukuu wangu Baraka mwezi mzima wa Desemba ndiyo inayomfanya amwite mama mkwe wako "Soso" badala ya "Shosho", na kama tuiweke kando kwanza mpaka ulimi wake ukae sawa.

Nianze na kitu ambacho hukukiona, kwa sababu ulikuwa unafunga mizigo. Asubuhi mliyorudi Nakuru, Baraka alikuwa akitafuta shati lake la mistari. "Sati! Sati!" Nikamuuliza, "Unataka sati?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Apana! Sati!" Nikarudia, "Sati?" Akapiga mguu chini, machozi yakamlenga. Nikasema, "Ala, shati!" Uso ukafunguka. Akanijibu mimi bibi yake, "Eee, Dani. Sati."

Umeelewa? Mtoto anajua kabisa kwamba sati si shati. Kinywani ndimo haijafika. Mwaka 1960 wataalamu wawili wa Marekani, Jean Berko na Roger Brown, waliandika habari za mtoto aliyekuwa na samaki wa plastiki akimwita "fis". Wakubwa wakimuuliza, "Huyu ni fis wako?" alikataa katakata. Waliposema "fish", alikubali: ndiyo, fis wangu. Mtoto yule hakuwa na Dani wa Kisumu, Akinyi. "Sh" huchelewa kwenye vinywa vya watoto wengi. Sikio hutangulia ulimi. Nilikwambia hivyo ulipokuwa unasomea ualimu ukasema ni maneno yangu tu.

Kama angekuwa hageuki ukimwita kwa nyuma, ningekuambia umpeleke kliniki kesho asubuhi apimwe masikio. Lakini huyo anasikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili.

Najua kinachokuuma. Unaogopa achekwe kama nilivyochekwa mimi. Hadithi ya benchi unaijua, ila sidhani nimewahi kukusimulia yote. Nilikuwa na miaka minane, darasa la pili. Mwalimu akanipandisha juu ya benchi: "Sema shilingi." Nikasema silingi. "Shilingi!" Silingi. Darasa zima likaangua kicheko, fimbo ikashuka, nikasema tena silingi. Kilichoniumiza hakikuwa fimbo. Niliamini nasema kama yeye. Kwa masikio yangu maneno yale mawili yalikuwa neno moja, nami sikujua nimekosa nini.

Nilizeeka ndipo nikasoma sababu. Mwaka 1984, huko Kanada, Janet Werker na Richard Tees walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza. Mtoto alifundishwa kwamba sauti ikibadilika, akigeuza kichwa ataona kichezeo kikicheza. Wakampa sauti mbili za "t" za Kihindi, moja ulimi kwenye meno, nyingine ulimi umekunjwa nyuma. Wa miezi sita hadi minane waligeuka. Waliofika miezi kumi hadi kumi na miwili, wengi hawakugeuka tena. Si kwamba akili imeharibika. Inachagua: inashika sauti zinazotumika nyumbani, zisizotumika inaziacha zififie. Dholuo haina "sh", na nyumbani kwa mama yangu hakuna aliyeitamka. Kufikia benchi lile sikio langu lilikuwa limeshachagua miaka saba nyuma.

Baraka je? Amezaliwa Nakuru, "sh" ameisikia tangu siku ya kwanza, kwako, kwa baba yake, kwa huyo huyo Shosho. Dholuo haimnyang'anyi kitu. Inamwongezea "th" na "dh" za Dholuo ambazo mimi nilipewa bure na yeye asipozisikia sasa atazitafuta ukubwani kwa jasho.

Au najitetea? Nimejiuliza hilo usiku. Lugha mbili zikikaa kinywa kimoja huazimana, sikatai, na huenda mwezi ule ulimchelewesha kidogo. Lakini fis wa yule mtoto wa Marekani unanirudia. Hapana. Sikio hutangulia ulimi.

Na tena, ile "sh" yangu haikuletwa na fimbo. Ililetwa na mama wa Kaloleni aliyekuwa akiuza mahamri. Kila asubuhi ananiwekea hamri mkononi, ananitazama machoni: "Shika, mwanangu. Umeshika?" Wiki nyingi nilisikia sika. Halafu asubuhi moja, Akinyi, nikasikia upepo ule katikati ya meno yake! Nilisimama pale barabarani nikamwomba aseme tena. Akasema. Nikakimbia hadi shule nikisema shika, shika, shika. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki nafurahi.

Kule Seattle, Patricia Kuhl na wenzake waliwapa watoto Wamarekani wa miezi tisa vipindi kumi na viwili vya Kichina, matokeo yakachapishwa 2003. Waliokaa na mtu akicheza na kuwasomea walizishika sauti zile. Waliowekewa mtu yule yule kwenye video iliyorekodiwa, au sauti peke yake, hawakushika. Kwa hiyo zile katuni za Dholuo ulizonitumia nizikague, sawa, ni nzuri, lakini haziwezi kumtazama machoni.

Niache Dholuo au nisiache? Nyumba ni yako na mume wako, sitaamua. Nimeuma ulimi ili nisiamue. Ila Alhamisi nitapanda matatu ya asubuhi, nipitie Kericho, saa nane niwe kwenu na omena. Baraka akikimbilia mlangoni nitamwambia "Bi ichiem", maana ndivyo ninavyomwita mtoto aje ale, sijui namna nyingine. Ukitaka nimwite kwa Kiswahili, niambie kabla ya Jumatano jioni nianze kujizoeza.

Mama yako