Tumepata 52 badala ya 60, kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko kidato cha 6, PCB. Tulifanya praktiko ya kutafuta uzito wa moli wa urea kwa kuangalia inavyoshusha joto la kuganda la maji. Tuliweka gramu 1.5 za urea kwenye gramu 50 za maji, nje tukazungushia barafu yenye chumvi. Maji matupu yaliganda themomita ikisoma 0.2, yale ya urea tukachukua namba ya chini kabisa iliyofika, -0.87. Hesabu ikatoa 52, wakati uzito wa moli wa urea ni 60. Mwenzangu anasema urea ilibaki kwenye karatasi, mimi nasema themomita ni mbovu maana maji yanaganda kwenye sifuri. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Asante kwa kuleta namba zote, maana bila hizo tungebaki kubahatisha tu.

Angalia fomula kwanza. Uzito wa moli ni 1.86 (namba maalumu ya maji kwa njia hii) mara gramu za urea mara 1000, ugawe kwa gramu za maji mara tofauti ya joto la kuganda kati ya maji matupu na yale ya urea, kwa vipimo vyenu inabaki 55.8 kugawa kwa hiyo tofauti. Sasa tofauti iko chini, kwahiyo ikizidi jibu linashuka na ikipungua jibu linapanda. Mlitakiwa mpate 0.93, nyie mmepata 1.07. Yaani hiyo digrii 0.14 peke yake ndo imekula gramu 8 zote! Ndo maana kwenye praktiko hii themomita inakusumbua kuliko mizani.

Mwenzako hapana. Urea ikibaki kwenye karatasi inayoingia majini ni kidogo, joto linashuka kidogo, wakati kwenye hesabu bado umeandika 1.5, jibu lingepanda juu ya 60. Na wewe pia hapana, themomita inayozidisha 0.2 imezidisha kote kuwili, ukitoa inafutika, ilimradi mlitumia ileile.

Mimi naishuku ile “namba ya chini kabisa”. Maji yakipozwa haraka yanapitiliza joto lake la kuganda yakiwa bado maji, halafu barafu ya kwanza ikishajitengeneza inatoa joto na themomita inapanda tena ghafla, sasa nyie mmechukua kule shimoni kabla haijapanda. Cha kufanya ni kuandika joto kila sekunde 30 huku mnakoroga taratibu bila kuacha, mchore grafu. Maji matupu yakianza kuganda yatawapa mstari uliolala, ila yenye urea hayatulii, yanaendelea kushuka polepole kwasababu maji yanayoganda yanaiacha urea nyuma na mmumunyo unazidi kukolea, kwahiyo chukua ule mstari wa mteremko wa baada ya kuganda uurudishe nyuma kwa rula mpaka ukutane na mstari wa kupoa, hapo ndo pa kusoma.

Kuna kupungua kwa maji pia, nako kunashusha jibu, lakini ili mfike 52 ingebidi mpoteze kama gramu 6.5, mngeona kwa macho. Chumvi ya nje ndo ya kuogopa zaidi. Gramu 0.11 tu ikirukia ndani ya tyubu inatosha kabisa kuleta ile 0.14, maana kila chembe ya chumvi inaachana kuwa mbili, sodiamu na kloraidi. Ndo maana pia ukiipima chumvi yenyewe kwa njia hii utapata karibu nusu ya uzito wake wa moli, 58.5, na hapo hujakosea kupima.

Kwahiyo rudieni, mfunike mdomo wa tyubu, ukingo wake ukae juu kabisa ya barafu. Na kwenye ripoti msiandike “makosa ya kibinadamu” mkaishia hapo, andikeni kosa gani, lilisukuma tofauti ya joto upande upi, na jibu likaenda wapi.