Roboti imeasi, ameasi, au maroboti yameasi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mwenzangu tunatafsiri muvi kwa sauti, tunazionyesha katika kibanda umiza hapa Tandika. Juzi tulikuwa na muvi ya roboti zinazowageuka watu waliozitengeneza. Nikasema "roboti ameasi". Mwenzangu akanikatiza, akasema roboti ni mashine, kwa hiyo ni "roboti imeasi". Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele akasema wote tumekosea, yeye siku zote anajua "maroboti yameasi". Watu wakaanza kubishana na muvi ikasimama. Nani yuko sahihi? Na je, "kuasi" ndilo neno lenyewe, au tuseme wamewageukia, au wamewasaliti?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba muvi ilisimama kwa ajili ya ngeli. Hao waliobishana wanaijali lugha yao, na kila mmoja wenu watatu ana jambo la kweli mkononi.

Nianze na mwenzako, maana yeye ndiye aliyeshika kanuni ya kawaida. Neno roboti lilipoingia katika Kiswahili lilikaa pale wanapokaa wageni wengi wa kiufundi: redio, kompyuta, simu, friji. Umoja ni i-, wingi ni zi-. Roboti inayochomelea bodi za magari kiwandani imeharibika, imetengenezwa, imerudishwa kazini. Zile roboti zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013 kuongoza magari zilikuwa na umbo la mtu, zilikuwa na mikono na kifua chenye taa, lakini bado tunasema zinaongoza magari. Umbo la mtu halikipi kitu ngeli ya watu.

Wala kutembea hakutoshi, wala kuruka. Ndege wa mtini ametua, lakini ndege ya kutoka Mwanza imetua pale Uwanja wa Julius Nyerere. Neno ni lilelile, ila mmoja ana damu na nyingine ina mafuta. Nitakupa mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Faru tunamwita pia kifaru, na ingawa jina linaanza na ki-, tunasema kifaru anakula, vifaru wanakimbia. Likaja gari la vita, likapewa jina la mnyama huyo kwa sababu ya ngozi yake ngumu na ubishi wake. Mara tu jina lilipohamia kwenye chuma, uhai ukabaki kwa mnyama: kifaru kimelipuka, vifaru vimeingia mjini. Hakuna mwalimu aliyewakusanya watu kuwafundisha hilo. Masikio yao yalijua.

Hata kutotii, peke yake, hakukipi kitu nafsi. Asubuhi moja ya mvua, daladala ikizimika katikati ya Barabara ya Kilwa, konda atakwambia "gari limegoma". Kugoma ni neno la watu wanaoacha kazi kudai haki yao. Tumelipa gari neno hilo zamani sana, na bado hatujasema gari amegoma. Kwa hiyo mwenzako akikuambia kwamba roboti iliyokataa amri ni "roboti imekataa", usimcheke. Ana ushahidi wa barabara nzima.

Sasa wewe na a- yako. Hapa itanibidi nikupeleke mbali kidogo, hadi Prague. Neno robot lilionekana kwa mara ya kwanza katika tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuchezwa jukwaani mwaka 1921. Kaka yake, Josef, ndiye aliyempa neno hilo. Wachukue hao ndugu wawili na neno lao la Kicheki, robota, kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita shokoa. Roboti wa tamthilia hiyo hawakuwa wa chuma. Walitengenezwa kwa kitu mfano wa nyama, wakafanana kabisa na watu, wakafanyishwa kazi zote, kisha wakaasi na kuwaua wanadamu wote isipokuwa mmoja. Maana yake ni kwamba neno hili na hadithi ya maasi vilizaliwa siku moja. Uasi haukuongezwa baadaye na watengeneza filamu wa Marekani.

Kilichonishangaza nilipokutana na habari hii kwa mara ya kwanza ni sarufi ya Wacheki. Nao wana kitu kama ngeli yetu: majina ya kiume ya wenye uhai hufuata njia moja, na ya visivyo na uhai njia nyingine. Wingi wa robot kwao una sura mbili. Roboti ni wingi wa wenye uhai, roboty ni wingi wa vitu. Mnachobishania Tandika ninyi, wao wanakiamua kwa irabu moja ya mwisho. Na neno letu la roboti, kwa bahati tu, linaandikwa kama ule wingi wao wa wenye uhai.

Basi a- ina asili. Lakini itumike lini? Sikiliza kinachotokea mashine inapoanza kusema. "Nimechoka." "Sitaki." "Unanizimia nini?" Katika maneno hayo ngeli iko wapi? Haipo. Nafsi ya kwanza na ya pili hazina ngeli katika Kiswahili. Ni- ni ya yeyote anayesema, na u- ni ya yeyote anayeambiwa. Ngeli huonekana pale tu tunapomzungumzia mtu au kitu ambacho hakimo katika mazungumzo. Kwa hiyo roboti ikiwa imeshasema "nimechoka", na mtazamaji wako akaamini kwamba kweli imechoka, ukirudi kumsimulia na kusema "roboti inakaa chini" utakuwa umemnyang'anya alichopewa na filamu. Sema "anakaa chini". Ikiwa steringi wa filamu ndiye roboti mwenyewe, huna hata haja ya kujiuliza. Steringi ni a-. Na ukifika kwenye umilikaji, sema roboti wake, kama tunavyosema mbwa wake. Ukisema "roboti yake ameasi" unakuwa umemwingiza katika kundi la ndugu yake na rafiki yake, jambo ambalo linafaa tu ikiwa katika filamu hiyo kweli alikuwa rafiki.

Nimemwacha mzee wa benchi la mbele hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu yeye ndiye aliyegusa jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno. Mwambie namsalimu kwa heshima.

Watu wengi hudhani uchaguzi ni wa mambo mawili tu, kitu au mtu, i- au a-. Kiswahili kina mlango wa tatu. Zimwi husema, hutaka, huweka hila, hula watu. Lina akili kuliko wengi wetu. Lakini hatusemi zimwi amekuja. Tunasema zimwi limekuja, na hata methali inayolitaja inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Joka likimmeza mtoto katika ngano, ni joka limemmeza. Mtu akiwa mkubwa wa kutisha anakuwa jitu, nalo jitu lile likasimama mlangoni. Ngeli ya li- na ya-, inapotumiwa kwa kitu chenye nia, haikani nia yake. Inakubali kwamba kina nia, kisha inakiweka nje ya uzio wa watu. Inasema: hiki kinajua, kinataka, na si mwenzetu.

Hebu sema kwa sauti: "Maroboti yanakuja!" Sasa sema: "Roboti zinakuja." Sentensi ya pili ni tangazo la mzigo uliofika bandarini. Ya kwanza inawafanya watoto wa benchi la mbele wanyanyue miguu. Wasimulizi wa vibanda walikwisha kuligundua hili kwa masikio yao, na mzee wako amelisikia miaka yote akalikariri. Yupo atakayesema ma- hapo ni kosa kwa sababu wingi wa roboti ni roboti. Katika taarifa ya kiwanda nitakubaliana naye. Katika filamu ya kutisha, sikubaliani naye hata kidogo.

Kuna faida nyingine ya ya- ambayo wewe, unayesimulia kwa kasi bila nafasi ya kurudia, utaithamini. Sema "roboti wamewazingira, wamewashika, wamewaua". Nani kamuua nani? Kila upande ni wa-, na msikilizaji aliyepitiwa na sekunde moja hajui kama ashangilie au alie. "Maroboti yamewazingira watu, yamewaua" haimwachi njiani. Ndiyo maana hata mimi ninayeipenda a- kwa roboti mmoja mwenye sura na jina, ninapofika kwenye kundi zima vitani ninachagua ya- au zi-.

Ushauri wangu basi ni kwamba msichague ngeli moja kwa filamu nzima. Mwanzoni, roboti inapofagia sakafu na kubeba mizigo, iwe i-. Mwenzako asimulie sehemu hiyo kwa raha zake. Pale inapokataa amri na kutulia kidogo, ikamtazama fundi, badilisha: "Roboti amesimama. Anamtazama." Huna haja ya kuongeza kelele wala muziki. Kiambishi kimoja kimefanya kazi yote. Kisha jeshi lao likitoka usiku kuingia mjini, mpe mzee maroboti yake. Na mhusika anayewadharau roboti aendelee kusema i- hata wenzake wakishahamia a-. Watu watamjua kwa ulimi wake.

Sasa vitenzi. Kuwageukia kiondoe kabisa. Yatima humgeukia mjomba wake amsaidie. Ukisema roboti zimewageukia wanadamu, umesema zimekwenda kwao kuomba. Unalolitafuta ni kuwageuka, bila ile i. "Amenigeuka" kila mtu wa Temeke anajua uchungu wake. Kusaliti kunataka kwanza pawe na kuaminiana: roboti aliyelelewa ndani ya nyumba, akajua siri za watoto, kisha usiku akawafungulia adui mlango, huyo amesaliti. Roboti wa kiwandani ambaye hakuna aliyewahi kumwamini hana cha kusaliti.

Kuasi ni kukataa utii kwa yule unayepaswa kumtii: mtoto amemwasi mzazi, askari wamewaasi maofisa wao. Ukitaka kulitenga na kupindua, historia yetu wenyewe imekuwekea mfano ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar: utawala uliondolewa na mwingine ukakaa. Siku nane baadaye, tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito hapa Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliwakataa maofisa wao Waingereza wakidai mishahara zaidi na maofisa Waafrika. Hayo tunayaita maasi. Kwa hiyo tazama filamu yako inafika wapi. Roboti wakiweka chini zana na kufunga milango ya kiwanda, wameasi. Wakikaa ikulu na kuwatawala watu, wamepindua. Mlikuwa sawa kutumia kuasi ikiwa filamu iliishia kiwandani.

Hukuniuliza kuhusu waliozitengeneza, ila nitaongeza neno moja. Wasimulizi wengi husema "muumba wao". Kwa masikio ya wasikilizaji wako, Muumba ni Mungu. Fundi wa jahazi huunda, na huko ndiko lilikotoka neno unde katika akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Sema waliowaunda, waliozitengeneza, walioyaunda, kufuatana na ngeli uliyoichagua. Muumba liache kwa ile filamu ambayo mashine inamfuata aliyeifanya na kumwomba maisha.

Na ukitaka sentensi ya kusema pale roboti wa kwanza anapomshika fundi mkono, unayo tayari nyumbani. Wahenga walisema kinyago ukikichonga mwenyewe hakikutishi. Punguza sauti ya muziki, kisha sema taratibu: "Kinyago kimemgeuka mchongaji."