Jibu: Picha zinaonyesha ikoni tupu kwenye Windows 10

Pole ndugu. Kama JPG zinafunguka vizuri ila kwenye folda unaona ikoni tu, picha zako ziko salama. Usiformati kitu!

Fungua folda, bonyeza View, kisha Options, halafu ingia kichupo cha View. Mstari wa kwanza kabisa pale ni "Always show icons, never thumbnails" (onyesha ikoni tu, usionyeshe vijipicha). Ondoa tiki, bonyeza Apply. Mara nyingi tatizo huwa hapo.

Tiki haikuwepo? Fungua Disk Cleanup (programu ya Windows ya kusafisha diski), chagua diski C, weka tiki kwenye Thumbnails peke yake. Ukiona Downloads kwenye orodha, tafadhali hakikisha haina tiki, la sivyo utafuta mafaili yako. Vijipicha vitajitengeneza upya.

Picha za iPhone ambazo majina yake yanaishia na HEIC zinahitaji nyongeza ya HEIF Image Extensions, ipo bure Microsoft Store, pamoja na HEVC Video Extensions.