Paka anayejua mwezi umeandama lini

Kwetu Ujiji mwadhini wa alfajiri ana mpinzani. Kabla hajashika kipaza sauti, paka wangu Bi Tatu keshapanda kitandani, keshanikanyaga kifua, keshaanza kunililia sikioni. (Jina kalipata kwa miguu mitatu myeupe, wa nne mweusi ti.) Kilio chenyewe si kile kifupi cha kuomba. Ni kile kirefu cha mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu. Nikijifunika shuka gubigubi, ananigusa pua kwa kiganja, kucha kazificha. Nikizidi kujifanya nimelala, anahamia mezani na kuanza kusukuma vitu chini kimoja kimoja: kijiko, kifuniko cha chupa, siku moja simu.

Nina miaka sita naye. Minne ya mwanzo niliamini nimepewa paka mkorofi. Kumbe ukorofi wote huo kausomea kwangu, na ada nililipa mimi mwenyewe, kwa dagaa.

Ilianza usiku mmoja nina homa. Akalia saa kumi na moja, nami kwa kutaka kupumzika nikamtupia dagaa wawili watatu. Kesho yake akarudi saa ile ile. Nikamnyima, akalia zaidi, nikampa. Siku iliyofuata nikakaza roho. Ya nne nikalegea. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana mnyama anayepewa kila siku unaweza kumwachisha, lakini anayepewa leo akanyimwa kesho anakuwa kama mcheza bahati nasibu: hakati tamaa, anajua kuna siku itakubali.

Na dagaa kwa paka wa Kigoma si chakula tu. Wavuvi wetu huingia Ziwa Tanganyika usiku wa giza na taa, dagaa wakafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka sawasawa taa hazifui dafu, mitumbwi hupumzika, na mwalo wa Kibirizi unapoa. Sisi tunajua kwa bei. Bi Tatu anajua kwa bakuli. Siku hizo nikimwekea ugali wenye mchuzi, anaunusa, kisha anaparua sakafu pembeni yake kama anayefukia choo chake, halafu anakaa kanipa mgongo. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilipewa mgongo huo karibu robo mwaka.

Miezi ile ndiyo iliyonilazimisha kuuliza anachohitaji hasa, nikagundua kwamba kwenye ugali haki ilikuwa yake. Mbwa anaweza kwenda na ugali uliochanganywa vizuri na nyama au samaki. Paka hawezi. Mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akikikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Basi dagaa walipoadimika nilinunua nyama ya kuku, maini kidogo, yai la kuchemsha. Siku mbili alinuna, ya tatu akala. Wale dagaa wakavu wenye chumvi nawaloweka na kuwasuuza kwanza. Maziwa nimeacha kumpa, kwani paka wengi wakubwa yanawaharisha, japo ukimwambia hivyo bibi yeyote wa Ujiji atakucheka.

Jambo moja ningependa ulishike hata ukisahau mengine. Mgebuka wetu wa mawese, samaki wa ziwani, hauendi bila vitunguu, na vitunguu, vya maji na saumu, ni sumu kwa paka na kwa mbwa, vinaharibu damu. Fungu la mnyama litoe kabla hujaunga. Na mifupa ya kuku iliyopikwa tupa mbali, huvunjika vipande vyenye ncha kali ikamchoma tumboni.

Nina mbwa pia, Askari. Yeye halii. Anakuja mlangoni pa jikoni na sufuria yake mdomoni, anaidondosha kwa kishindo, anakaa. Ukichelewa anaiokota na kuidondosha tena. Na ugali hali mpaka aone nimemega kwanza kwenye chungu kile kile, utadhani mimi ndiye muonja wa sultani. Kwa adabu zote hizo, aliharibiwa siku tatu tu na shangazi yangu aliyetutembelea kutoka Kasulu. Nikamwona anapitisha tonge chini ya meza.

"Shangazi, tafadhali usimpe, keshakula."

"Mwanangu, hebu mtazame macho. Kama yatima."

"Kala saa nzima iliyopita."

"Na mimi nilikula kwenye basi. Mbona umenikaribisha?"

Sikuwa na jibu. Shangazi aliondoka, tabia ikabaki. Mpaka leo mgeni akiingia, Askari anawapita wote akaenda kuketi miguuni pa yule mwenye huruma, na sijawahi kumwona amekosea. Kwa hiyo siku hizi mgeni hapati sahani kabla ya kupata onyo, na Askari anafungiwa uani.

Bi Tatu nilimrekebisha kwa kuacha kuinuka kwa ajili yake. Bakuli linajazwa saa moja asubuhi na usiku kabla sijalala, basi. Asubuhi naamka, natandika, nabandika chai, ndipo namwekea, ili asihusishe kufumbua kwangu macho na dagaa. Jioni namchezesha na kamba mpaka achoke, kisha anakula. Paka aliyewinda akashiba hulala. Usiku meza naiacha tupu. Ukianza, jiandae: atalia zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu anadhani hujasikia. Usiku wa nne wangu ulikuwa mbaya kiasi kwamba jirani aliniuliza kupitia ukutani kama nina msiba. Ukilegea hapo, umemfundisha kulia zaidi, afadhali usingeanza. Mimi ilinichukua wiki mbili na nusu.

Ila usiniige kwa upofu. Kama anakula sana huku anakonda, huenda ana minyoo, na hapo kumfundisha adabu ni kumwonea. Na paka akigoma kula kabisa usisubiri aone njaa akubali: siku mbili bila chakula zinaweza kumharibu ini, hasa kama ni mnene. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Bi Tatu bado anakuja alfajiri, lakini halii tena. Anakaa kwenye kiti na kunitazama. Juzi mwezi ulikuwa mpevu, unashukia upande wa Kongo, mweupe juu ya ziwa lote, hakuna taa hata moja ya mvuvi. Akautazama dirishani, akanigeukia mimi, akautazama tena. Saa moja ilipofika sikumwonyesha hata mfuko wa dagaa. Nilibandika yai.