Baba, nicheze naye vipi?

Morogoro, Jumanne jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeurudia mara nyingi. Unasema mtoto ana siku 19, hacheki, hachezi, akiamka ananyonya na kulala tena. Mama mkwe wako ndiye anayemwogesha, na wewe ukimpakata unajiona kama unawaingilia tu. Mwisho ukaniuliza: "Baba, nisubiri kwanza akue kidogo ndipo nianze kucheza naye?"

Usisubiri. Nakuomba sana, maana mimi nilisubiri.

Ulipozaliwa nilikuwa safarini, kazi yetu ya reli unaijua. Niliporudi, bibi yako alinionyesha uso wako mlangoni, kisha akakurudisha ndani. Waliniambia mwanamume hashiki kichanga mpaka arobaini ipite, nami nikakubali upesi kwa sababu nilikuwa naogopa. Arobaini ikapita, nikasema bado u mdogo mno. Ulikuwa na miezi minne siku nilipokupakata kwa muda mrefu mara ya kwanza. Ukakaza mwili, ukalia, ukamtafuta mama yako kwa macho. Katika nyumba yangu mwenyewe, kwako nilikuwa mgeni. Iliniuma, na leo nikiandika bado inaniuma.

Kilichotukutanisha ni homa. Mama yako alishikwa na malaria kali, na bibi yako alikuwa ameshaondoka. Usiku ule nilivua shati, nikakulaza kifuani, nikakosa la kusema. Nikaanza kukutajia stesheni: Pugu, Ruvu, Ngerengere, Mikese, Morogoro, Kimamba, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu, Dodoma. Nikifika Dodoma narudi Pugu. Sikufumba jicho, ila wewe ulilala hadi alfajiri. Baada ya siku chache, nikisema "Pugu" tu unageuza kichwa.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta maneno ya kumwambia binti yako. Msomee hata risiti ya duka. Masikio yake yalianza kusikia akiwa bado tumboni. Anachotaka ni sauti ya mtu, ije polepole, irudi kesho.

Na mchezo wake kwa sasa ni uso wako. Kitoto cha umri huo huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, kama urefu wa rula ya shule. Mbali zaidi ya hapo kwake ni ukungu. Ndiyo maana ukisimama kando ya kitanda unadhani hana habari nawe. Akishanyonya, akacheua, akabadilishwa nepi, kuna dakika chache macho yake huwa wazi na mwili umetulia. Hizo ndizo dakika zako. Kaa, inua magoti, mlaze juu ya mapaja akuelekee, kichwa kikiwa kwenye viganja vyako. Mwite jina lake. Kisha nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo wengi tunaposhindwa, tunaongea juu ya mtoto mpaka anachoka. Mpe nafasi. Atachezesha mdomo, atakunjua vidole, atarusha mguu: hilo ndilo jibu lake, nawe mjibu. Akigeuza uso au kupiga miayo, amechoka, usimfuate. Hata dakika tatu zinatosha, mradi zirudi kila siku.

Ile midoli uliyonunua iweke kwanza. Tundika karibu naye kanga moja ya mama yake, yenye maua makubwa meusi na meupe. Michoro iliyokoza ndiyo anayoiona vizuri.

Jioni ukirudi kazini, oga, vua shati, mlaze kifuani akiwa na nepi tu, mfunike mgongo kwa kanga. Hospitali moja ya Bogotá, nchini Kolombia, ilianza kuwalea hivyo watoto njiti mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi, na leo hata hapa kwetu wodini wanaiita kangaruu. Ngozi ya mzazi humpa mtoto joto na kutuliza pumzi zake, na kifua cha baba kinafaa pia. Ila ukisikia usingizi unakuja, mrudishe kitandani kwake, alale chali. Usisinzie naye kwenye kochi, ni hatari.

Najua likizo yako ya siku 3, ambazo sheria ya ajira ya mwaka 2004 imeziweka kuwa kiwango cha chini, imekwisha. Basi omba kazi moja ya nyumbani iwe yako. Mwambie mama mkwe wako kwa heshima, "Mama, naomba unifundishe kumwogesha." Hatakunyima, na huenda amekuwa akingoja uombe. Baada ya kuoga, mpake mafuta ya nazi miguuni na mgongoni kwa kiganja chepesi. Huo nao ni mchezo.

Wajomba wakija, usikubali wamrushe juu. Shingo yake bado haina nguvu. Na kilio kitaongezeka, hasa karibu na wiki ya sita, hujakosea kitu. Usiku ukifika ambapo hasira inakupanda, mlaze chali mahali salama, toka nje upunge upepo, kisha urudi. Usimtikise hata siku moja. Lakini akichemka mwili au akikataa kunyonya, msingoje kuche, mpelekeni hospitali.

Katika wiki hizo hizo, ya sita au ya saba, utakuwa umemwinamia, unamwita kama kawaida, naye atakutazama mpaka mdomo wake ufunguke. Nataka siku hiyo uwepo.

Mkwe wangu msalimie, mwambie alale kila mtoto anapokuwa kifuani kwako. Mimi nakuja Ijumaa na treni ya jioni. Nitanawa mikono kwanza, kisha nitaomba kumpakata. Stesheni zote bado nazikumbuka.

Baba yako