Jibu: Darasa la mekapu kwa anayeanza, hapa Mbeya

Dada, umeuliza kama uende darasani ilhali hujawahi kushika hata brashi, na ununue nini kwanza. Nenda, na usinunue kitu bado. Mimi nilinunua faundesheni, ile rangi ya ngozi ya kupaka uso mzima, sokoni Mwanjelwa kabla ya somo la kwanza, ikawa nyeupe kuliko shingo yangu, hela ikapotea. Rangi ipime kwenye taya, sio mgongo wa mkono, tena nje penye mwanga wa mchana, maana taa za dukani hudanganya.

Kikubwa utakachojifunza ni kuandaa ngozi. Baridi yetu ya Juni na Julai inakausha uso, na poda juu ya ngozi kavu hukatika vipande. Nawa, paka mafuta yako ya uso, subiri dakika 5 hivi ndipo uanze. Nyusi zitakusumbua, usikate tamaa: chora vistari vidogo vidogo ukifuata vinyweleo.

Wanja na maskara (rangi ya kope) msiazimane kabisa, macho huambukizana. Na mwalimu akikwambia ujichubue kwanza ndipo upendeze, ondoka dada yangu. Krimu za kujichubua zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini, na zebaki huharibu figo.

Siku ya kwanza beba kioo, daftari na kitambaa cha kufungia nywele.